Albamu ‘13’ ya Black Sabbath: Uzito wa chuma katika mikono ya wazee

OZZY Osbourne alipoaga dunia mnamo Julai 22, 2025 akiwa na umri wa miaka 76, wasomaji wengi wa Kiswahili waliowahi kulisikia jina lake walikumbuka jambo moja tu: kwamba ndiye mwimbaji aliyemng’ata popo kichwa jukwaani nchini Marekani mwaka wa 1982. Si ajabu kwa watu kukumbuka kioja. Hata hivyo, mtu aliyeimba kwa zaidi ya nusu karne hawezi kuhukumiwa kwa popo mmoja, na bendi aliyoianzisha pamoja na wenzake watatu, Black Sabbath, ina kazi nyingi zinazostahili kujadiliwa kwa lugha yetu kama zinavyojadiliwa kwa lugha nyingine.

Makala haya yanahusu moja tu kati ya kazi hizo: albamu yao ya mwisho ya studio, ‘13’, iliyotoka Juni 2013. Anayeandika amewasikiliza wazee hawa tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari miaka ya themanini, kwanza kupitia kanda iliyokuwa imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba sauti ya Ozzy ilitoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Msomaji na ajue basi kwamba hapa anazungumza shabiki, si hakimu asiye na upande.

Lakini hata shabiki ana maswali yake. Watu waliopita umri wa miaka sitini wanaporejea studioni baada ya kukaa mbali kwa miongo mitatu na zaidi, je, wanarudi kwa sababu wana la kusema, ama wanarudi kwa sababu soko lingali na fedha? Maoni yangu, baada ya kuisikiliza albamu hii kwa zaidi ya miaka kumi, ni kwamba walikuwa na la kusema, na walilisema vyema. Walilisema, hata hivyo, pasi na mmoja wao, na pengo lake linasikika toka wimbo wa kwanza hadi wa nane.

Muziki wa viwandani

Kabla ya kuifikia albamu yenyewe, yafaa tueleze hevi metali ni nini, maana jina hilo huwatisha watu kabla sauti haijawafikia. Huu ni utanzu wa muziki wa roki unaotegemea gitaa la umeme lililokuzwa hadi sauti yake ikakwaruza, gitaa la besi linalolifuata kwa karibu, ngoma nzito, na mwimbaji asiye na haja ya kumbembeleza yeyote. Katika rumba, masikio yetu hungoja sauti za waimbaji zipokezane na gitaa la solo lichangamke mwishoni. Katika metali, kinachongojewa ni kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa na kurudiwa hadi kikajenga nyumba kichwani mwa msikilizaji. Mtu anaweza kuyasahau maneno yote ya ‘Iron Man’ na bado akaweza kuuigiza wimbo huo kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa gitaa ndilo lililobeba hadithi.

Waasisi wanne wa Black Sabbath walitoka Aston, mtaa wa wafanyakazi katika jiji la Birmingham nchini Uingereza, na wote walizaliwa kati ya 1948 na 1949, wakati jiji hilo lingali na makovu ya mabomu ya Vita Vikuu vya Pili. Ozzy aliwahi kufanya kazi katika kichinjio na katika kiwanda cha honi za magari, na akafungwa jela majuma kadhaa kwa wizi. Geezer Butler, mpiga besi na mtunzi wa maneno mengi ya nyimbo zao, alikuwa akisomea uhasibu. Bill Ward, mpiga ngoma, alikulia katika kuwasikiliza wapiga ngoma wa jazi wa Kimarekani. Nalo gitaa lilikuwa la Tony Iommi, na habari zake ndizo zinazoeleza kwa nini muziki huu ulikuja kuwa mzito.

Iommi alikuwa na umri wa miaka 17 alipokwenda kazini siku yake ya mwisho katika kiwanda cha mabati, kwa kuwa alikuwa amepata nafasi ya kuzuru nje na bendi. Siku hiyo aliwekwa kwenye mtambo ambao hakuuzoea. Mtambo ulimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa kuwa hupiga gitaa kwa kutumia mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo alivyovihitaji kubonyezea nyuzi. Msimamizi wake kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri aliyeungua mkono mwaka wa 1928 na bado akaendelea kupiga kwa vidole viwili tu vyenye nguvu. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajifinyangia vikofia vya vidole, akavivika ngozi aliyoikata katika koti kuukuu. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye akaanza kuzilegeza nyuzi hizo chini ya kiwango cha kawaida, na katika albamu ya ‘Master of Reality’ ya 1971 alizishusha nusu hatua tatu. Uzi uliolegezwa hutoa sauti nene na ya chini. Kwa hivyo uzito ule ambao maelfu ya bendi wameuiga tangu hapo chanzo chake kimojawapo ni maumivu ya mfanyakazi kijana aliyekataa kuliacha gitaa.

Mimi ni mzaliwa wa Bokoli, katika eneo la Webuye Magharibi, Kaunti ya Bungoma, na sikuhitaji kufafanuliwa sana habari za jiji la viwanda. Webuye, mji ambao zamani uliitwa Broderick Falls, ulipata kiwanda chake kikubwa cha karatasi, Pan African Paper Mills, katikati ya miaka ya sabini. Tangu hapo maisha ya vijiji vya karibu yalifuata king’ora cha zamu. Kijana wa Bokoli alikijua kiwanda hicho kwa harufu kabla hajakitia machoni, na alijua pia ni baba wa nani aliyekuwa ameajiriwa humo na ni nani aliyekuwa akingoja kuitwa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 2009 na kuacha simanzi kubwa, hadi kampuni ya Rai ilipokichukua mwaka wa 2016. Mtu aliyelelewa katika mazingira kama hayo akiusikia mdundo wa Black Sabbath kwa mara ya kwanza hajiulizi watu hawa wanatoka sayari gani. Anatambua kwamba wametoka zamu.

Kuna jambo jingine lililonirahisishia njia. Kwetu Bukusu, muziki wa chuma haukuletwa na Waingereza. Mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mvulana anayejiandaa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga chinyimba, yaani njuga za chuma zinazogongwa kwenye vikuku vya chuma mikononi, kifungu kilekile kwa saa nyingi, huku wenzake wakiimba na kukimbia nyuma yake. Nao wimbo wa sioyaye, unaoimbwa alfajiri mvulana akirudishwa kutoka mtoni akiwa amepakwa matope, hauna furaha nyepesi hata kidogo. Ni wimbo wa kumtia mtu moyo huku ukimkumbusha kwamba kisu kinamngoja. Hofu na ushujaa vimo katika sauti moja. Sijapata maelezo bora zaidi ya kile ambacho metali hujaribu kufanya.

Na litungu, zeze la nyuzi saba la Wabukusu, hufuata kanuni iyo hiyo ya kurudia. Mpigaji hushika kifungu kimoja na kukizungusha, akibadili kidogo hapa na kidogo pale, mpaka msikilizaji asijue wimbo ulianza lini.

Shutuma za ushetani

Haiwezekani kuiandikia Kenya kuhusu Black Sabbath bila kuligusa suala la Ibilisi. Jina la bendi lilitokana na filamu ya kutisha ya mwaka wa 1963. Vijana hao, ambao wakati huo bendi yao iliitwa Earth, waliona watu wakilipa fedha ili watishwe sinemani, wakajiuliza kwa nini muziki nao usitishe. Katika wimbo uliolichukua jina hilo, Iommi alitumia mfuatano wa noti ambao tangu kale Wazungu wameuhusisha na shetani kwa jinsi unavyokwaruza sikio. Albamu ya kwanza ilirekodiwa kwa siku moja mnamo Oktoba 1969 na kutolewa Ijumaa, Februari 13, 1970, huku ikifunguliwa kwa mvua, radi na kengele. Mapambo yote ya kutisha yalikuwa yamekamilika.

Humu nchini mapambo kama hayo hayakuchukuliwa kuwa mchezo. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza uabudu shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki, na ripoti yake ikawasilishwa bungeni mwaka wa 1999. Katika miaka hiyo, kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye fuvu alikuwa na kesi ya kujibu nyumbani, shuleni na kanisani. Wengi walizificha kanda zao chini ya godoro, na wengine walizichoma.

Anayeyasoma maneno ya Geezer Butler kwa makini hushangaa. Butler alilelewa katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Wimbo wa ‘War Pigs’ wa 1970 unawalaani wakuu wa vita wanaowatuma maskini kufa, kisha unawafikisha mbele ya hukumu ya Mungu. ‘After Forever’ wa 1971 unamtetea Mungu waziwazi kiasi kwamba ungeweza kutiliwa shaka na wapagani. Misalaba ambayo wanamuziki hao waliivaa shingoni ya kwanza ilitengenezwa na babake Ozzy, aliyekuwa fundi. Shetani yumo katika nyimbo zao, hilo ni kweli, lakini yumo kama alivyo katika mahubiri: kama tishio.

Naomba msomaji aikumbuke hoja hii, kwa sababu wimbo mashuhuri zaidi katika ‘13’ unaitwa ‘God Is Dead?’ na alama ya kuuliza iliyo mwishoni si pambo. Kichwa hicho kinamrejelea Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani. Mhusika katika wimbo anapita katika giza na mashaka kwa karibu dakika tisa, na anapofika mwisho anakataa kukubali kwamba Mungu amekufa. Walioishia kwenye kichwa cha wimbo walilaani. Waliosubiri dakika ya nane walisikia ungamo. Wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy ya utumbuizaji bora wa metali mwezi Januari 2014.

Njia ya kurudi nyumbani

Ozzy alifukuzwa katika bendi mwaka wa 1979 kwa sababu ya ulevi na dawa za kulevya, ingawa wenzake nao hawakuwa malaika. Nafasi yake ilichukuliwa na Ronnie James Dio, na ‘Heaven and Hell’ ya 1980 ikathibitisha kwamba bendi inaweza kuishi baada ya kuondokewa na sauti yake. Wapenzi wa muziki wa hapa kwetu wanayaelewa mambo haya bila kuelezwa: Simba Wanyika walipogawanyika mwaka wa 1978 na Les Wanyika kuzaliwa, hakuna aliyedai muziki umekufa, bali mashabiki waligawanyika kama bendi yenyewe, na ubishi huo haujakwisha hadi leo. Kwa Black Sabbath miaka iliyofuata ilileta waimbaji na wapiga ngoma wengi hivi kwamba nyakati fulani Iommi alikuwa ndiye mwasisi pekee aliyebaki.

Mnamo Novemba 11, 2011 waasisi wote wanne walitangaza kwamba wangerekodi albamu pamoja, ya kwanza ya studio wakiwa na Ozzy tangu ‘Never Say Die!’ ya 1978. Furaha haikudumu. Mwezi Januari 2012 Iommi aligunduliwa kuwa na saratani ya limfu. Mwezi uliofuata Bill Ward alitangaza kwamba hangeendelea isipokuwa apewe mkataba ambao angeweza kuutia sahihi. Upande wa pili baadaye ulitaja hali ya afya yake na uwezo wake wa kuhimili ziara ndefu. Nani aliyekuwa na haki zaidi, hilo wanalijua wao na mawakili wao. Ninachoweza kusema ni kwamba habari za mwanamuziki mkongwe anayebishania karatasi ya mkataba na watu aliokua nao si ngeni kwa yeyote aliyewahi kufuatilia maisha ya wanamuziki wetu wenyewe.

Iommi alipokea matibabu ya kemikali na ya miale huku akiendelea kutunga, na wenzake wakamfuata Uingereza ili asisafiri. Rick Rubin, mtayarishaji Mmarekani aliyepewa kazi ya kuisimamia albamu, aliwakalisha chini na kuwachezea albamu yao ya kwanza ya 1970. Aliwataka wafikirie kana kwamba miaka arobaini haijapita na kwamba sasa wanarekodi inayofuata. Kuhusu ngoma, Rubin alimpendekeza Ginger Baker, Mwingereza aliyeishi Lagos miaka ya sabini na kurekodi na Fela Kuti. Iommi alishtuka. Kwa jinsi Baker alivyojulikana kwa ukali, huenda albamu isingekamilika. Aliyeajiriwa hatimaye ni Brad Wilk wa bendi ya Rage Against the Machine.

Albamu ilitoka Juni 10, 2013 nchini Uingereza na kushika nafasi ya kwanza huko, jambo ambalo Black Sabbath hawakuwa wamelifanya tangu ‘Paranoid’ ya 1970. Pengo la karibu miaka 43. Nchini Marekani iliuza nakala 155,000 katika juma la kwanza na kuwa albamu yao ya kwanza kabisa kuongoza chati za nchi hiyo. Jina lake lisimchanganye mtu: hii ni albamu yao ya studio ya 19, si ya 13.

Inavyosikika

Wimbo wa kwanza, ‘End of the Beginning’, unaanza polepole mno. Gitaa linatua, linanyamaza, linatua tena. Anayeifahamu albamu ya 1970 atatambua mara moja kwamba umejengwa juu ya msingi wa wimbo ule wa kwanza wenye mvua na kengele, hata jinsi unavyochangamka baada ya kutambaa kwa muda. Wapo waliosema huku ni kujinakili. Mimi nasema mzee akiuliza mbona umejenga boma jipya pale pale palipokuwa pa babu, hajakulaumu. Anataka tu kujua kama nguzo ni imara. Hapa nguzo ni imara.

‘Loner’ ni wimbo wa kawaida, wa mwendo wa kati, ambao bendi hii ingeuandika usingizini. ‘Live Forever’ una nguvu kidogo, na ukikumbuka kwamba unahusu mtu anayekitazama kifo usoni huku mpiga gitaa akitoka hospitalini, unasikika kwa sikio jingine. ‘Zeitgeist’ ndio wa pekee usiopiga kelele. Gitaa lisilo la umeme, ngoma za mikono, na sauti ya Ozzy ikielea kana kwamba inatoka angani. Ni ndugu mdogo wa ‘Planet Caravan’ wa 1970, na kama ilivyo desturi ya ndugu wadogo, unaishi katika kivuli cha kaka yake.

Katika ‘Age of Reason’ ndipo Iommi anaanza kuzungumza kwa kweli. Solo yake humo ni ndefu na haina haraka, kila noti ikipewa nafasi ya kufika. Lakini wimbo ninaoupenda kuliko yote ni ‘Damaged Soul’, ambao ni bluzi tupu, ya polepole, ya dakika karibu nane, na ambamo Ozzy anapiga kinanda cha mdomo kama alivyofanya katika ‘The Wizard’ zaidi ya miaka arobaini kabla. Kinanda kinaulizana na gitaa, gitaa linajibu, besi ya Butler inapita katikati kama mtu anayesuluhisha. Hapa hakuna anayejaribu kuonekana kijana. Bendi nyingi za wazee huharibikiwa kwa kukimbia. Hawa walikubali kutembea, na katika kutembea huko kuna mamlaka ambayo vijana hawawezi kuyaiga.

Agosti 2014, katika msimu wa kutahiri, niliipiga albamu hii kwenye redio ya gari nikiwa Bokoli. Kuka mmoja wa kijiji, mpiga litungu wa siku nyingi, alikuwa ameketi mlangoni pa gari akingoja kupelekwa sokoni. Wimbo uliokuwa ukicheza ni huo wa ‘Damaged Soul’. Alisikiliza wote bila kusema neno, kisha akauliza:

“Hawa wazee wanamlilia nani?”

“Hawamlilii mtu, Kuka. Wanaimba tu.”

“Mtu haimbi hivi bure,” akasema. Baada ya muda akaongeza: “Huyo wa gitaa ana subira. Amefundishwa na nani?”

Nikamsimulia habari za kiwanda na vidole. Akaitazama mikono yake mwenyewe, asiseme lolote, nasi tukaenda sokoni.

Albamu inafungwa na ‘Dear Father’, wimbo mchungu wa mtu aliyedhulumiwa utotoni na kasisi, akimwambia mkosaji wake yaliyomkaa moyoni. Geezer Butler, mtoto wa Kikatoliki, akiwa na miaka zaidi ya sitini, anaandika haya baada ya kushutumiwa maisha yake yote kwamba yeye ndiye adui wa kanisa. Hakuna matusi, hakuna mzaha. Gitaa linapokoma, inasikika mvua, radi na kengele: sauti zilezile zilizoufungua muziki wao mwaka wa 1970. Duara limefungwa kwa makusudi, na mara ya kwanza nilipoyasikia hayo niliacha sahani iendelee kuzunguka kimya kwa dakika kadhaa.

Pengo la Bill Ward

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya kiufundi. Albamu ilipokuwa ikikamilishwa, sauti yake ilibanwa na kupandishwa juu mno, kama ilivyo desturi ya siku hizi ambapo kila wimbo unataka kuwa na kelele kuliko jirani yake. Matokeo ni kwamba palipo na upole na palipo na ukali panakaribiana, na sikio huchoka. Wasikilizaji wengi walilalamika, na walikuwa na haki. Albamu ya 1970, iliyorekodiwa kwa siku moja na vyombo duni, ina hewa zaidi.

Ya pili ni kubwa zaidi. Brad Wilk ni mpiga ngoma hodari, na hakuna pahali katika ‘13’ anapokosea. Tatizo ni hilo hasa. Bill Ward hakuwa mtu wa kuuhesabu mdundo kama karani wa benki. Alikuwa mtoto wa jazi katika bendi ya chuma; aliukawiza mdundo kidogo, akaukimbiza, akalijibu gitaa badala ya kulifuata. Isikilize ‘War Pigs’, kisha isikilize ‘Age of Reason’. Katika wa kwanza watu wanne wanazungumza. Katika wa pili watu watatu wanazungumza na wa nne anaandika kumbukumbu za mkutano. Ni kumbukumbu sahihi, nadhifu, zisizo na doa, lakini aliyeziandika hakuwapo mambo yalipoanza.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaoiweka ‘13’ sawa na albamu nne za kwanza. Wala sikubaliani na wale walioitupa kwamba ni biashara ya wastaafu. Nyimbo tatu kati ya nane, yaani ‘God Is Dead?’, ‘Damaged Soul’ na ‘Dear Father’, zingestahili kukaa katika albamu yoyote waliyowahi kuitoa. Kwa mpiga gitaa aliyekuwa akitoka studioni kwenda kutibiwa, tatu si haba.

Vijana wetu wamezichukua mbegu hizi na kuzipanda katika udongo tofauti. Duma, kundi la vijana wawili kutoka Nairobi, walitoa albamu yao mwaka wa 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni muziki mkali zaidi kuliko chochote ambacho Black Sabbath walikifikiria, wenye mitambo badala ya ngoma. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, alitoa albamu yake binafsi, ‘The Adept’, mwaka wa 2024. Sidai kwamba naielewa yote. Masikio yangu yalifunzwa na wazee wanaotembea polepole. Lakini nikiisikia sauti ya kijana huyo inavyokwaruza, najua tone moja lilitoka Aston.

Black Sabbath walifanya ziara yao ya kuaga na kuihitimisha Birmingham, Februari 4, 2017, bado bila Ward. Ozzy alitangaza mwaka wa 2020 kwamba anaugua maradhi ya Parkinson, na wengi tulidhani basi. Kisha, Julai 5, 2025, katika uwanja wa Villa Park, ambao uko Aston kwenyewe, waasisi wote wanne walipanda jukwaani. Ozzy aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi kwa kuwa miguu haikumbeba tena. Nyuma yake, kifua wazi kama zamani, aliketi Bill Ward. Walipiga nyimbo nne: ‘War Pigs’, ‘N.I.B.’, ‘Iron Man’ na ‘Paranoid’. Siku kumi na saba baadaye Ozzy alifariki.

Hawakupiga hata wimbo mmoja wa ‘13’. Ward hakuushiriki, kwa hivyo naelewa. Hata hivyo ningetoa mengi kumsikia akiupiga ‘Damaged Soul’ kwa mikono yake, hata kwa dakika moja tu, ili nijue ulipaswa kusikikaje.